Njia ya mwongo ni fupi: historia ya mafumbo ya hifadhidata na watu wanaoyaruka

Fumbo nililolitengeneza kwa wiki mbili lilivunjwa kwa dakika nne. Aliyelivunja ni mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyechelewa kuingia maabara, na mpaka leo sijaamua kama nimshukuru au nimnunie.

Ilikuwa hivi. Nilipewa kipindi cha kuwafundisha wanafunzi SQL, lugha ya kuulizia maswali hifadhidata (kuna wanaosema kanzidata, tusigombane kwa hilo). Badala ya mazoezi yale yale ya "orodhesha wateja wote wa Arusha", niliwaundia kisa. Projekta ya chuo cha kubuni imeibwa. Kuna majedwali matano: watu, kadi za kufungulia milango, daftari la getini, miamala ya simu na maelezo ya mashahidi. Ili umfikie mwizi, uanze kwa mlinzi, mlinzi akupeleke kwa shahidi, shahidi akutajie mwanzo wa namba ya kadi, kadi ikurudishe getini, na kuendelea. Hatua saba. Nilikuwa najivunia kweli.

Yule kijana hakupita hata hatua moja. Alifungua jedwali la watu, akalipanga kuanzia namba kubwa kwenda ndogo, akatazama juu. Mimi nilizalisha watu 500 kwa programu ndogo, halafu wahusika wa kisa changu nikawaongeza kwa mkono mwishoni. Namba 501 mlinzi, 502 na 503 mashahidi, 504 mwizi. "Mwalimu, hawa wanne wameingia baada ya wote," akaniambia kwa upole, "nikajaribu mmoja mmoja."

Hakudanganya. Hakuiba majibu, hakuuliza jirani. Alitumia akili tu, tena vizuri, ila hakujifunza hata kidogo kile nilichotaka ajifunze. Sasa swali likabaki kwangu: unatengenezaje fumbo ambalo njia yake fupi kuliko zote ndiyo ile uliyoichora wewe? Nilipoanza kutafuta, niligundua kuwa watu wamelihangaikia swali hili kwa miaka mingi, na wengine walipoteza dhahabu kwa ajili yake. Keti, nikusimulie.

Sungura wa dhahabu

Mwaka 1979 mchoraji wa Uingereza aitwaye Kit Williams alitoa kitabu cha picha, Masquerade. Kilikuwa na michoro 15 iliyojaa viumbe, na ndani ya michoro hiyo mlifichwa maelekezo ya kufika mahali ambapo Williams alikuwa amemzika sungura wa dhahabu ya karati 18, aliyemfua kwa mikono yake mwenyewe. Alimzika mwezi Agosti mwaka huo, na shahidi wake alikuwa mmoja tu, mtangazaji wa televisheni Bamber Gascoigne.

Ufunguo wa fumbo ulikuwa mzuri ajabu. Kwa kila kiumbe ulichora mstari kutoka jichoni, ukapita kwenye kidole chake kirefu, ukaishia kwenye herufi mojawapo katika fremu ya picha. Herufi zikaunda maneno, na maneno yakakuelekeza kwenye bustani ya Ampthill, huko Bedfordshire, kwenye msalaba wa kumbukumbu ya malkia Catherine wa Aragon. Kivuli cha msalaba huo, saa sita mchana, siku ambayo mchana na usiku ni sawa, ndicho kilichoonyesha pa kuchimba.

Watu wakachimba Uingereza nzima. Mwaka 1982 ikaja barua yenye mchoro wa mahali penyewe, kutoka kwa mtu aliyejiita Ken Thomas, na sungura akawa wake. Siku chache baadaye Williams akapokea jibu lingine, safari hii kamili, hatua kwa hatua, kutoka kwa walimu wawili wa fizikia. Walikuwa wamelifumbua fumbo lote. Walikuwa hata wameshachimba pale Ampthill, wakamkosa sungura kwenye udongo.

Mwaka 1988 gazeti la Sunday Times likaeleza kilichotokea. Ken Thomas lilikuwa jina la bandia. Mshirika wake wa biashara alikuwa na uhusiano na mwanamke aliyewahi kuishi na Williams, na kwa njia hiyo walijua kuwa mchoraji alikuwa na mapenzi na Ampthill. Picha hawakuzifumbua, eneo walilijua tayari, ikabaki kutafuta shimo.

Ona kosa lilipokuwa. Hakuna aliyepata tundu ndani ya michoro. Kufuli ilikuwa imara. Lakini fumbo halikuishia kwenye kurasa za kitabu. Lilikuwa na mtunzi, na mtunzi alikuwa na maisha, na maisha yake yalivuja. Hifadhidata yangu nayo ilivuja hivyo hivyo. Jibu sikuliandika popote, ila mpangilio wa mistari ulikuwa unasimulia jinsi nilivyofanya kazi: kwanza programu, kisha mkono.

Kisa cha sungura kina mkia. Mwaka 1984 kampuni ya huyo huyo Thomas, Haresoft, iliuza mchezo wa kompyuta ulioitwa Hareraiser, na zawadi yake ikawa sungura yule yule. Hakuna aliyeshinda. Kampuni ikaanguka, na mwaka 1988 sungura akapigwa mnada Sotheby's kwa pauni 31,900. Ukiutazama kwa haraka unaweza kusema huo mchezo ulishinda mtihani wetu, maana haukuwa na njia ya mkato. Tatizo ni kwamba haukuwa na njia yoyote. Kwa hiyo mtunzi ana mitaro miwili, mmoja kila upande wa barabara, na sungura mmoja alitumbukia yote miwili.

Mashine iliyoundwa ili kuua njia

Sasa tuingie kwenye hifadhidata zenyewe, kwa sababu humu ndimo mlimo na kichekesho kikubwa.

Katika miaka ya 1960, kuuliza kitu kwenye hifadhidata kulikuwa safari. Mfumo wa IMS wa IBM, uliozaliwa katika kazi ya kuhesabu vipuri vya vyombo vya mpango wa Apollo, ulipanga data kama mti: shina, matawi, vijitawi. Ulipotaka kitu kilichopo kwenye kijitawi, programu yako ilibidi ianze shinani na kushuka tawi kwa tawi. Nani aliyepanga mti, alichora njia. Wakibadilisha mti, programu zako zinakufa.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyesomea hisabati Oxford na kufanya kazi IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha makala iliyobadilisha kila kitu. Alisema data ziwekwe kwenye majedwali ya kawaida, na kwamba programu zikombolewe kutoka utumwa wa aina tatu: kutegemea mpangilio wa mistari, kutegemea faharasa, na kutegemea njia ya kufikia data. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo. Iliitwa SEQUEL, baadaye jina likafupishwa kuwa SQL kwa sababu lile la kwanza lilikuwa limeshasajiliwa na wengine. Katika SQL husemi upite wapi. Unasema unataka nini, na mashine inajitafutia njia.

Rudia orodha ya Codd polepole. Utumwa wa kwanza ni mpangilio wa mistari. Mwaka 1970 mtu alishaandika wazi kuwa mahali mstari ulipokaa pasiwe na maana yoyote, na mimi nusu karne baadaye nikamweka mwizi mstari wa mwisho. Mwanafunzi wangu alisoma kile ambacho Codd alisema kisiwe kinasomeka.

Lakini utumwa wa tatu ndio unaotupa kazi. Hifadhidata ya majedwali ni mashine iliyoundwa makusudi ili kusiwe na njia ya lazima. Mezani kila kitu kipo wazi: majedwali yote matano, safu zote, mistari yote. Mtu anaweza kuanzia popote, akaunganisha chochote na chochote. Halafu wewe mtunzi unataka afuate njia! Ni kama kumpeleka mtu uwanja wa mpira usio na kuta na kumwambia apite kwenye korido.

Mauaji katika mji wa SQL

Waliolijaribu hili kwa mafanikio ni wengi, ila mfano unaojulikana zaidi ni SQL Murder Mystery, uliotengenezwa na Joon Park na Cathy He katika Knight Lab ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 2019. Kama hujaucheza, usiogope, sitakutajia muuaji. Unaambiwa tu kwamba kulitokea mauaji tarehe 15 Januari 2018 katika mji uitwao SQL City, na kwamba wewe mpelelezi umeipoteza ripoti. Kazi kwako.

Ripoti ukiipata inakutajia mashahidi wawili, lakini haikupi namba zao. Mmoja unaambiwa anakaa nyumba ya mwisho katika barabara fulani. Mwingine unapewa jina la kwanza na barabara. Mashahidi nao, ukishawapata, wanakupa vipande: mwanzo wa namba ya uanachama wa jimu, herufi chache za namba ya gari. Ukivikutanisha vipande hivyo ndipo mtu mmoja anabaki, kati ya watu zaidi ya elfu kumi.

Hapo ndipo nilipoelewa wanavyoirudisha korido kwenye uwanja usio na kuta. Ukuta haumo kwenye majedwali. Umo kwenye kujua uulize nini. Kuunganisha jedwali la wanachama wa jimu na la leseni za udereva unaweza tangu sekunde ya kwanza, hakuna anayekuzuia. Ila utachuja kwa sharti gani? Sharti limeandikwa katika maelezo ya shahidi, na shahidi yupi hujui mpaka uisome ripoti. Kila jibu limebeba swali linalofuata. Codd aliondoa njia kutoka kwenye hifadhi ya data. Watunzi hawa wakairudisha kupitia ujinga wa mchezaji, ujinga unaopungua hatua kwa hatua.

Lakini hapo hapo kuna tundu, na ni tundu la kila mtunzi wa kisa cha upelelezi. Maelezo ya mashahidi ni maandishi, na maandishi yanatafutika. Mtu mvivu mwenye akili hataanza na ripoti. Ataliambia jedwali la mahojiano: nipe kila maelezo yenye neno kama "nililipwa" au "nilimwona". Akibahatisha neno zuri, ameruka ngazi zote.

Kinga yao ilikuwa kelele. Mahojiano mengi mengine yalijazwa mistari kutoka Alice's Adventures in Wonderland, kitabu cha Lewis Carroll cha mwaka 1865, mbinu iliyotumika pia katika fumbo lililowapa msukumo, Command Line Mystery la Noah Veltman, ambalo hutumia mafaili badala ya majedwali. Kelele hizo zinachekesha na zinamchelewesha msomaji kidogo. Hata hivyo kelele isiyofanana na ukweli ni kinga dhaifu, kwa sababu ukweli unang'aa katikati yake. Shahidi anayezungumzia jimu kati ya wasimulizi wa sungura wenye saa mfukoni, mbona utamjua tu? Ukitaka kelele inayozuia, lazima ifanane na ukweli: visa vingine vya wizi, vyenye mashahidi wao, kadi zao na milango yao. Yaani lazima uwe mwongo mwenye bidii.

Jibu linalindwaje?

Tuseme njia umeilinda. Bado mashine inahitaji kujua jibu ili iweze kumwambia mchezaji "umepatia". Na kama mashine inalijua, mchezaji anaweza kuifungua mashine.

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko SQL. Mwaka 1962, katika mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, ambao ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya kompyuta moja kutumiwa na watu wengi, nywila zote zilikaa wazi kwenye faili moja. Mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, alitaka muda zaidi wa kompyuta. Aliomba tu faili hilo lichapishwe, likachapishwa. Miaka michache baadaye, kwenye mfumo huo huo, mafaili mawili yalibadilishana nafasi kwa bahati mbaya, na kila aliyeingia akakaribishwa na orodha ya nywila za wenzake badala ya tangazo la siku.

Dawa ilitoka Cambridge, Uingereza, kwa Roger Needham na wenzake: usihifadhi nywila, hifadhi kilichotoka baada ya kuipitisha kwenye hesabu isiyorudi nyuma. Fikiria mashine ya kusaga. Mahindi yanaingia, unga unatoka, na hakuna mashine inayorudisha unga kuwa mahindi. Mtu akileta nywila, unaisaga upya na kulinganisha unga kwa unga.

Mwaka 1979, mwaka ule ule wa sungura, Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha makala kuhusu nywila za Unix. Walikusanya nywila 3,289 za watumiaji, wakakuta 2,831 kati yake, asilimia 86, ni fupi mno au zimo kwenye kamusi na orodha za majina. Somo lake ni kali. Hata unga usiporudi kuwa mahindi, mwizi anaweza kusaga kila aina ya mahindi sokoni mpaka apate unga unaofanana. Wakaongeza kitu cha kumchosha, wakakiita chumvi: tarakimu za nasibu zinazochanganywa na nywila kabla ya kusagwa, ili kila mtumiaji amlazimu mwizi aanze kusaga upya.

Rudi sasa kwenye mafumbo yetu. Katika SQL Murder Mystery jibu limeandikwa ndani ya hifadhidata kwa heksadesimali. Hiyo ni kama kuliandika jibu kinyumenyume: linamzuia anayepita, halimzuii anayetafuta. Command Line Mystery hutumia hesabu ya njia moja ya kweli, unga halisi. Lakini orodha ya watu wote wa mji unayo mkononi! Saga majina yote, dakika haitaisha. Na hakuna chumvi itakayokusaidia hapo, kwa sababu washukiwa ni wachache na mashine hachoki mtu kuiuliza.

Basi kinga ya mwisho haimo kwenye hisabati, imo kwenye bei ya kubahatisha. Anthony Pratt, mwanamuziki wa Birmingham aliyebuni mchezo wa Cluedo wakati wa vita, alilijua hili. Mchezo uliingia sokoni mwaka 1949, na katika umbo lake la kawaida una washukiwa sita, silaha sita na vyumba tisa: majibu 324 tu. Kompyuta ingeyamaliza kabla hujapepesa jicho. Pratt akaweka sheria kwamba ukimshutumu mtu asiye mwenyewe, umetoka. Na wazee wetu walishafika huko bila kompyuta. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, unatoa mji ndipo utajiwe jibu. Mji si kitu cha kutoa ovyo.

Mimi sikuwa nimeweka bei yoyote. Kijana alijaribu majina manne bure.

Fumbo likigeuzwa

Hapa ningeweza kumalizia kwa orodha ya ushauri. Lakini kuna jambo lililonitoa usingizini, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Nilipokuwa nalitengeneza upya fumbo langu, niliandika programu ya kukagua. Inachukua dalili zote saba, inajaribu kila kundi la dalili mbili mbili, tatu tatu, na kuhesabu watu wangapi wanabaki. Kama dalili mbili tu zinamwacha mtu mmoja, basi kuna njia ya mkato, na lazima niongeze watu wanaofanana naye. Ilinibidi niongeze wengi. Utashangaa jinsi mtu anavyobaki peke yake haraka.

Kumbe hesabu hiyo hiyo ina historia ndefu upande wa pili, kwa wanaotaka fumbo *lisifumbuliwe*. Mwaka huo huo wa 1979, Dorothy Denning, Peter Denning na Mayer Schwartz walionyesha udhaifu wa hifadhidata za takwimu. Tuseme hospitali inakataa kujibu swali lolote linalohusu watu chini ya watano, ili kulinda siri. Wewe unataka kujua kama mwalimu wa kike wa kata fulani, aliyepo mmoja tu, ana kisukari. Unauliza: walimu wangapi wa kata hii wana kisukari? Tisa. Walimu wangapi wa kiume? Wanane. Maswali yote mawili yameruhusiwa. Toa. Siri yake unayo.

Katikati ya miaka ya 1990, Latanya Sweeney alikuwa mwanafunzi wa uzamivu MIT, mwanafunzi kama sisi. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limetoa data za hospitali za wafanyakazi wake kwa ajili ya utafiti, majina yakiwa yameondolewa. Sweeney akanunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20. Akatafuta tarehe ya kuzaliwa ya gavana William Weld: watu sita. Wanaume kati yao: watatu. Mwenye msimbo wa posta wa gavana: mmoja. Rekodi za matibabu za gavana akawa nazo mezani. Majedwali mawili, safu tatu, muunganisho mmoja. Baadaye alikadiria kuwa asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa safu hizo tatu tu.

Soma tena hatua zake: sita, watatu, mmoja. Ni fumbo la upelelezi, isipokuwa hakuna aliyelitunga na mhusika hakuomba kuwemo.

Sasa nikwambie. Tasnifu yangu inatumia rekodi za kituo kimoja cha afya. Majina yalishafutwa, namba za simu zilishafutwa, vibali vyote vipo. Nilikuwa nimeshaandaa barua pepe ya kuwatumia wenzangu watatu wa maabara nakala ya faili ili wanisaidie kukagua. Usiku ule, kwa udadisi tu, nikaielekeza programu yangu ya kukagua mafumbo kwenye faili hilo. Kijiji, mwaka wa kuzaliwa, jinsi. Mistari mingi, mingi mno, ilibaki peke yake. Mmoja ulikuwa wa bibi aliyezaliwa mwaka 1938 katika kijiji kidogo. Mtu yeyote wa kijiji hicho angemjua kabla hajamaliza kuusoma mstari, na safu iliyofuata ilieleza anatibiwa nini.

Barua pepe sikuituma. Nilibadilisha mwaka wa kuzaliwa kuwa makundi ya miaka kumi, vijiji nikavikusanya kuwa kata, wazee sana nikawaweka kundi moja, nikahesabu tena mpaka hakuna aliyebaki na wenzake chini ya kumi. Utafiti wangu umepoteza ukali kidogo. Nimeikubali hasara hiyo. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, Tanzania tangu 2022, na vibali nilikuwa navyo. Lakini kibali hakikuhesabu mistari, na mimi nilikuwa karibu sana kutohesabu.

Ukitaka kutunga lako

Kama unafundisha na unataka kutunga fumbo, nimebakiwa na haya. Changanya mistari yako ukishamaliza, na umpe kila mtu namba mpya, ili mkono wako usionekane. Hakikisha jibu la kila hatua ndilo linalobeba swali la hatua inayofuata. Tunga uongo unaofanana na ukweli. Weka bei kwenye kubahatisha. Mimi sasa natoa majaribio mawili, na la tatu unatoa mji, yaani unakuja mbele kutueleza umekwama wapi. Hesabu dalili kwa makundi, si moja moja. Kisha mpe mtu mvivu mwenye akili alijaribu, na akilivunja, mshukuru.

Yule kijana nilimpa toleo la pili. Lilimchukua dakika 55, na alipita hatua zote saba, nyingine akizikasirikia. Alipomaliza hakuondoka. Akaniuliza kama ile programu ya kukagua inaweza kuendeshwa kwenye orodha ya darasa, ile iliyobandikwa ukutani yenye alama za mtihani bila majina, ila ina kozi, jinsi na mkoa unakotoka.

Tuliiendesha pamoja. Kwenye kozi yake, msichana anayetoka Mtwara ni mmoja.